Manowari Francesco Nullo ya Italia: ni usukani tu ulioizamisha, au kuna zaidi?

#1 Kijana wa Ngamiani

Wakuu, salaam.

Kwa wiki tatu sasa nimezama kwenye habari za manowari moja ya Italia iliyozama Bahari ya Shamu, nami nimefika mahali pa kuomba msaada wa wanaojua bahari kuliko mimi.

Meli yenyewe iliitwa Francesco Nullo. Ni destroya (manowari nyepesi ya mwendo wa kasi) ya kundi la Sauro, zilizokuwa nne: Nazario Sauro, Cesare Battisti, Daniele Manin na hii Nullo. Iliundwa Fiume, mji ambao leo ni Rijeka ndani ya Kroatia. Ilishushwa majini Novemba 1925 na kuanza kazi 1927. Urefu wake kama mita 90, mizinga minne ya milimita 120, mirija sita ya kurushia topido (kombora linalokwenda chini ya maji). Kwenye makaratasi mwendo wake ulikuwa noti 35 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa).

Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, hizi nne zilikuwa Massawa, Eritrea, pamoja na kubwa zake tatu: Leone, Tigre na Pantera. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1940 wakatoka Sauro, Nullo, Leone na Pantera kwenda kuvamia msafara wa Waingereza ulioitwa BN 7, meli 32 za mizigo zikielekea Suez. Wakarushiana mizinga gizani, hakuna meli ya msafara iliyozama. Kulipokucha, Nullo ikajikuta peke yake karibu na kisiwa cha Harmil, nyuma yake inakuja destroya ya Kiingereza, Kimberley. Asubuhi hiyo hiyo ikazama.

Maelezo ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba usukani ulikwama usiku, ikapotezana na wenzake, ikachelewa. Basi. Mimi siridhiki. Meli ya watu zaidi ya 100 inakufa kwa sababu ya usukani uliokwama dakika chache? Nawasilisha.

#2 Mkunguni

Nimewahi nafasi. Uzi mzuri, narudi jioni na kahawa.

#3 Fundi Mtambo

Kijana, unasema "usukani tu" kwa sababu hujawahi kukaa chumba cha mtambo wa usukani pale tezi (nyuma ya meli) usiku ukiwa umegoma.

Nimefanya kazi za injini melini miaka 19. Mara moja, kwenye meli ya kampuni ambayo sitaitaja, usukani ulitukwamia upande wa kulia tukiwa kwenye mkondo mwembamba, hatukuwa na adui wala mizinga. Dakika nne tu. Katika dakika hizo nne meli ilizunguka duara karibu zima, na tulipoushika tena nahodha alihitaji muda kujua omo (mbele ya meli) inatazama wapi. Huo ulikuwa mchana, bahari tulivu.

Sasa weka giza. Weka noti 28 au 30. Weka wenzako wamezima taa zote na wanageuka kukimbia mizinga. Kwa noti 30 meli inakwenda karibu kilomita moja kwa dakika. Ukikwama dakika tano na mwenzako anakwenda upande wa pili, mmeshaachana kilomita kumi. Hutamwona tena mpaka jua litoke. Na likitoka, mwenye kukuona kwanza huenda si mwenzako.

Kwa hiyo mimi nasema ni usukani. Neno "tu" ndilo liondoe.

#4 Mwalimu wa Zamu

Naomba niweke sawa mambo mawili kwenye #1.

Kwanza, Kimberley haikuwa peke yake katika ulinzi wa msafara. Kulikuwa na kruza (manowari kubwa kuliko destroya) Leander ya New Zealand, na meli ndogo za kusindikiza kama Auckland, na Yarra ya Australia. Leander ndiyo iliyorushiana mizinga na Waitaliano usiku. Kimberley ndiyo iliyokimbiza.

Pili, usiseme "ikazama" kana kwamba Waingereza walirudi wakiimba. Mizinga ya nchi kavu ya Waitaliano pale Harmil iliipiga Kimberley kwenye chumba cha mashine, ikasimama kabisa. Leander ikalazimika kuja kuifunga kamba na kuivuta mpaka Port Sudan. Yaani asubuhi ile kisiwa kidogo cha mawe kilikaribia kuwachukua wote wawili.

Kuhusu sababu, mimi naangalia umri. Kimberley ilianza kazi Desemba 1939, haijatimiza hata mwaka. Ilikuwa na mizinga sita ya milimita 120. Nullo ina mizinga minne ya kipimo hicho hicho na miaka 13 mgongoni. Usukani ulileta makutano. Kilichoamua makutano ni sita dhidi ya nne.

#5 Bint Shangani

Swali la asiyejua: "nullo" kwa Kiitaliano si maana yake batili, kitu kisicho na thamani? Nani anabatiza meli ya vita jina hilo? Mabaharia huwa wanaogopa sana majina. Bibi yangu alikuwa hakubali hata mtumbwi uitwe jina la marehemu.

#6 Kijana wa Ngamiani

@Bint Shangani umenishika. Neno ni hilo hilo, ila hapa ni jina la ukoo. Francesco Nullo alikuwa mtu wa Bergamo, alipigana pamoja na Garibaldi, yule jemadari wa kuiunganisha Italia, mwaka 1860, kisha 1863 akaenda kuwasaidia Wapolandi walioasi utawala wa Urusi, akauawa huko huko. Wapolandi wanamheshimu mpaka leo.

Na ukitazama majina ya ndugu zake wote watatu, nayo ni ya watu waliopigania nchi. Sauro na Battisti walinyongwa na Waaustria mwaka 1916. Manin aliongoza Venezia ilipojitangaza jamhuri 1848.

#7 Bint Shangani

Kwa hiyo meli zote nne zilipewa majina ya marehemu, na watatu kati yao waliuawa. Bibi angekataa kupanda.

#8 Mkunguni

Nimerudi na kahawa. @Bint Shangani hilo la majina liweke pembeni maana na Leone, Tigre na Pantera ni simba, chui milia na chui, na zote hazikurudi nyumbani. Jina la mnyama halikusaidia.

Ila kuna jambo hamjaligusa. Massawa ilikuwa jela. Tazameni ramani. Kaskazini ni Mfereji wa Suez, umeshikwa na Mwingereza. Kusini ni Bab el Mandeb, na ng'ambo yake Aden, Mwingereza. Kuanzia siku ya kwanza ya vita hakuna tone la mafuta litakaloingia. Kila ukitoka kwenda kupigana unapunguza pipa ambalo halitajazwa tena. Kamanda anayewaza hivyo hapigani kama kamanda mwenye tangi limejaa. Atatoka mara chache, atapiga kwa mbali, atarudi mapema. Mabaharia wasiotoka mara kwa mara hawazoei kupigana usiku. Na asiyezoea usiku, usukani ukikwama anababaika.

Kwa hiyo mimi mzizi wangu ni mafuta.

#9 Fundi Mtambo

@Mkunguni hapo umegusa lakini umeacha lililo kubwa kuliko mafuta, nalo ni maji ya moto.

Watu wanasoma "noti 35" wanaamini. Hizo ni noti za majaribio, meli nyepesi, maji ya baridi ya Adriatiki. Meli ya mvuke inategemea kondensa: mvuke ukishazungusha mashine unapozwa na maji ya bahari ili urudi kuwa maji. Bahari ikiwa baridi, mvuke unapoa vizuri na mashine inapata nguvu zake zote. Bahari ya Shamu kiangazi maji yake yanapita nyuzi 30. Kondensa haipozi sawasawa, nguvu zinapungua. Na mirija ya kondensa ikitoboka, maji ya chumvi yanaingia kwenye boila, na boila ikinywa chumvi inakufa taratibu.

Halafu muwakumbuke wanadamu waliokuwa kule chini. Nimepita Bahari ya Shamu mwezi wa nane. Chumba cha injini kilikuwa na nyuzi 50, tulikuwa tunafanya kazi kwa zamu za dakika ishirini na ndoo ya maji ya chumvi mezani, na meli yetu ilikuwa ya miaka ya 2000 yenye mafeni. Vijana wa Nullo walikuwa kwenye chuma cha 1925.

#10 Nahodha wa Shela

Asalaam aleikum jamaa.

Mimi ni mtu wa Lamu, nimekua kwenye majahazi. Nataka niwaulize nyote mnaohesabu mizinga: rubani alikuwa nani? Sisemi rubani wa ndege. Nasema rubani wa zamani, yule anayejua miamba.

Visiwa vya Dahlak, ambako Harmil ni mojawapo upande wa kaskazini, ni zaidi ya visiwa mia, na kati yake ni miamba, mafungu na njia nyembamba. Watu wa huko ni wavuvi na wapiga mbizi wa lulu tangu enzi, wanaijua kila njia kwa rangi ya maji. Manowari inakwenda kwa karatasi. Karatasi ikikosa mwamba mmoja, umekwisha.

Na haya si maneno ya kukisia. Hiyo Leone, dada mkubwa wa Nullo, ilikufaje? Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1941 ilitoka Massawa ikapanda mwamba ambao haukuwa kwenye ramani. Moto ukazuka, wakaizamisha wenyewe. Hakuna mzinga hata mmoja wa Mwingereza uliohusika.

Nullo asubuhi ile inakimbilia Harmil ili mizinga ya kisiwani iilinde. Upande mmoja adui, upande mwingine miamba. Chombo kikibanwa kati ya mwamba na adui hakina uhuru wa kugeuka. Mwenye bahari wazi ndiye anayechagua masafa ya kupigana.

#11 Mwalimu wa Zamu

Wa aleikum salaam nahodha. Hilo la Leone ni kweli kabisa. Lakini kukimbilia Harmil lilikuwa jambo la akili, kwa sababu ile mizinga ndiyo iliyoisimamisha Kimberley. Kama Nullo ingebaki bahari wazi ingekufa vile vile, na Kimberley ingeondoka bila mkwaruzo.

#12 Nahodha wa Shela

Nakubali lilikuwa la akili. Hata la akili lina bei yake.

#13 Bukavu Kwetu

Jambo wote. Mie niko Bukavu. Huku kwetu vita ya Mwitaliano tunaijua kwa upande mwingine. Babu yangu alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Mbelgiji, akatembea kutoka Kongo mpaka Ethiopia. Walipigana Asosa, Gambela na Saïo. Mwezi wa saba 1941 jenerali Gazzera alijisalimisha pale Saïo. Babu alikuwa anasema njaa na kuhara damu viliua watu wengi kuliko risasi.

Swali yangu: hao Waitaliano wa Massawa, hawangeweza kutorokea kwingine?

#14 Kijana wa Ngamiani

@Bukavu Kwetu karibu sana, na heshima kwa babu.

Waliweza, lakini si wote. Nyambizi nne, yaani Guglielmotti, Ferraris, Archimede na Perla, zilitoka Massawa Machi 1941, zikapita Bab el Mandeb, zikashuka bahari yetu hii ya Hindi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda Atlantiki mpaka Bordeaux, Ufaransa, zikafika Mei. Njiani ziliongezewa mafuta na meli za Wajerumani. Meli ya kikoloni Eritrea ilikwenda mpaka Kobe, Japani.

Destroya hazikuweza. Matangi yake madogo. Safari ya maili 2,600 kwa mwendo wa taratibu, basi. Ndiyo maana mwisho walipewa amri ya kwenda kufa: zile zilizobaki tano zitoke tarehe 2 Aprili zikaipige Port Sudan, bila matumaini ya kurudi.

#15 Mzee Kibuyuni

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), akaingia Massawa na bunduki mkononi siku ile ile ilipoanguka. Alitusimulia wenyewe kuwa bandari ilikuwa imejaa meli zilizolala ubavu.

#16 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee. Heshima kwa babu, ila niruhusu kusahihisha siku. Massawa ilianguka tarehe 8 Aprili 1941 kwa mikono ya Wahindi na Wafaransa huru waliotokea Sudan, wakiwa wameshapita Keren na Asmara. KAR walikuwa upande wa pili: Kenya, Somalia, wakapanda mpaka Addis Ababa, iliyoshikwa tarehe 6 Aprili. Siku mbili tofauti, kilomita mamia.

#17 Mzee Kibuyuni

Marahaba mwanangu. Sikuwa na tarehe, nilikuwa na maneno ya babu. Huenda alifika baadaye na mimi nikaunganisha. Lakini meli zilizolala ubavu alizisema, tena alikuwa akizionyesha kwa kiganja hivi, kimepinda. Hilo sikulibuni.

#18 Mwalimu wa Zamu

Na hilo ni kweli tupu, mzee. Waitaliano na Wajerumani walizizamisha meli zao wenyewe kuziba bandari, pamoja na magudi yanayoelea (mahali pa kupandishia meli zitengenezwe). Mwaka 1942 ndipo Mmarekani Edward Ellsberg alipoletwa kuziibua. Kwa hiyo askari yeyote aliyefika hapo mwaka ule angeona alichokiona babu. Inawezekana kabisa alifika baada ya mapigano ya pale kuisha.

#19 Bint Shangani

Mzee ameonyesha kwa kiganja mpaka nimeiona bandari.

#20 Jicho la Tatu

Nyote mnazunguka. Jibu ni siri kuvuja.

Tarehe 19 Juni 1940, siku tisa tu baada ya Italia kuingia vitani, nyambizi Galileo Galilei ilitekwa karibu na Aden na meli ndogo ya Kiingereza, Moonstone, ambayo asili yake ni ya uvuvi. Ndani wakakuta nyaraka. Zilitosha kuwaonyesha Waingereza nyambizi nyingine zimejificha wapi. Baada ya hapo mnategemea nini? Kila anachotuma Massawa kinasomwa. Nullo ilikuwa inasubiriwa.

#21 Mkunguni

@Jicho la Tatu hiyo nyambizi kutekwa na meli ya asili ya uvuvi ni kweli na ni habari inayohitaji uzi wake. Lakini kama Nullo ilikuwa inasubiriwa, mbona msafara ulishambuliwa usiku wa manane na destroya nne zikakaribia kiasi cha kurusha topido? Mwenye kujua adui anakuja angemngojea mlangoni kwa mizinga ya Leander. Hapa walikutana gizani, wakapotezana, wakatafutana. Hiyo si sura ya watu wanaosoma barua za mwenzao.

#22 Jicho la Tatu

Kujua kwamba watatoka siyo kujua watapita wapi. Ulinzi wa misafara ulikuwa mzito siku zile. Sijasema walikuwa na saa na dakika.

#23 Fundi Mtambo

Hapo umepunguza madai. Ulianza na "inasubiriwa".

#24 Jicho la Tatu

Nimepunguza neno, hoja iko pale pale. Na mkumbuke zile nyambizi za Massawa: Torricelli iliandamwa tarehe 23 Juni 1940 karibu na kisiwa cha Perim, pale Bab el Mandeb, na destroya tatu, siku nne baada ya Galilei kutekwa. Siku nne!

#25 Kijana wa Ngamiani

Torricelli haikufa kinyonge, tuseme ukweli. Ilipanda juu ikapigana kwa mzinga wake mmoja dhidi ya destroya tatu. Na mmoja wa wawindaji, Khartoum, alilipukiwa na topido lake mwenyewe siku hiyo na kupotea.

#26 Ferragosto Napoli

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mtanzania, naishi karibu na Napoli mwaka wa kumi na mbili. Mmezungumza chuma na mafuta, hamjazungumza watu, nami naona hapo ndipo Nullo inapokumbukwa huku.

Kamanda wake aliitwa Costantino Borsini, cheo chake capitano di corvetta, sawa na meja wa nchi kavu. Meli ilipokuwa inakwenda chini alihakikisha watu wanashuka, yeye akabaki. Alikuwa na kijana wake wa kumhudumia, baharia Vincenzo Ciaravolo, kutoka Torre del Greco, mji wa mabaharia na wavuvi wa marijani hapa chini ya Vesuvio. Kijana alikuwa ameshaokoka. Alipoona kamanda wake hatoki, akarudi kwake. Wakazama pamoja. Wote wawili walipewa medali ya dhahabu ya ushujaa, ambayo ndiyo ya juu kabisa.

Na jina la Borsini bado liko baharini: jeshi la majini la Italia lina meli ya doria iitwayo Comandante Borsini.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikuwa kwenye treni. Nilishuka kituo kisicho changu.

#27 Bint Shangani

Kwa nini alirudi? Mtu umeshaokoka.

#28 Nahodha wa Shela

Binti yangu, ukiwa chomboni miezi na mtu mmoja, unamwekea chai, unajua akikohoa usiku ana nini, huyo si mkubwa wako tena. Ni mzazi. Nimeona kijana wa miaka kumi na saba akirukia maji ya kusi kumfuata nahodha aliyezidiwa na wimbi, na hakuna aliyemwamuru.

#29 Mwalimu wa Zamu

Mimi sitaki kupingana na nahodha katika hili, lakini jeshi nalo hulea. Hao walikuwa watu waliofundishwa kwamba kamanda hashuki. Kijana aliyelelewa humo huenda hakuona kuna kuchagua.

#30 Fundi Mtambo

Au alidhani anaweza kumtoa. Watu wengi wanaokufa hivyo hawakwenda kufa. Walikwenda kumshika mtu mkono wamlete.

#31 Ferragosto Napoli

@Fundi Mtambo nimelisoma neno lako mara tatu. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

#32 Juma Mapinduzi

Nimeona mahali kwamba Nullo ilizamishwa na ndege, si Kimberley. Ndege za Blenheim. Mbona hamsemi?

#33 Mwalimu wa Zamu

Blenheim zilikuja siku hiyo hiyo baadaye na kulipiga gofu lake. Topido la Kimberley lilikuwa limeshaivunja. Ndege zilimaliza mabaki. Ndiyo maana utakuta rubani anadai na nahodha anadai.

Ukitaka destroya zilizouawa na ndege kweli, nenda kwa ndugu zake. Tarehe 3 Aprili 1941, Sauro na Manin zikiwa njiani kwenda Port Sudan, ziliangukiwa na ndege za Swordfish. Ndege hizo zilikuwa za meli ya kubebea ndege, Eagle, lakini Eagle yenyewe ilikuwa imekwama kwa sababu ya mabomu ya majini kwenye Mfereji wa Suez, basi ndege zikatangulizwa Port Sudan kupigana kutoka nchi kavu. Zilikuwa ndege za mabawa mawili mawili, za kitambaa, mwendo wa polepole. Zikazizamisha zote mbili. Battisti ilikuwa imeharibika mashine, wakaizamisha wenyewe pwani ya Arabuni. Pantera na Tigre zikafika kusini ya Jeddah, mabaharia wakashuka, wakazitoboa. Watu wake wakazuiliwa Saudia.

#34 Mkunguni

Mnaona? Battisti mashine. Leone mwamba. Nullo usukani. Sauro na Manin hazikuwa na ndege za kuzilinda. Mnaweza kuita kila moja bahati mbaya yake, lakini zote saba ziliisha ndani ya miezi sita, na zote kwenye bahari moja iliyofungwa pande mbili. Narudi palepale: ukimfungia mtu ndani, ataangushwa na chochote kitakachokuja kwanza.

#35 Fundi Mtambo

Na mimi narudi palepale: mashine na usukani ni kitu kimoja, ni matunzo. Vipuri havikuja. Lakini kumbuka gudi lilikuwepo Massawa, mafundi walikuwepo. Kwa hiyo si kufungiwa peke yake. Joto lilikula kila kitu, pamoja na uvumilivu wa mtu wa kufanya ukaguzi wa pili.

#36 Kijiji cha Nyeri

Habari wadau. Niko Nyeri, Kenya. Nimeingia kwa sababu ya hao Waitaliano. Hapa kwetu kuna kanisa la kumbukumbu walipozikwa wanajeshi wao, na humo yumo Duke wa Aosta, Amedeo, aliyekuwa mkuu wa dola lao la Afrika Mashariki. Alikufa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mfungwa. Aliomba azikwe na askari wake.

Mfungwa wa Kiitaliano kwetu ni historia ya karibu. Lile kanisa dogo kando ya barabara ya kushuka Bonde la Ufa, karibu na Mai Mahiu, walilijenga wao 1942 walipokuwa wakijenga barabara. Baba yangu alikuwa akipita na lori la viazi, kila safari anasimama pale kupoza breki na kusali, ijapokuwa yeye ni Mpresbiteri.

#37 Juma Mapinduzi

Breki kwanza au sala kwanza?

#38 Kijiji cha Nyeri

Breki. Alisema Mungu anaelewa mteremko ule.

#39 Muzna wa Matrah

Salaam kutoka Oman. Wazee wangu walitoka Unguja, Kiswahili hiki ndicho cha nyumbani.

Nawaomba mtazame jambo moja: kwa nini msafara ule ulikuwa hapo kwanza? Kwa sababu Bahari ya Kati ilikuwa imeshakuwa hatari, kila askari na kila pipa la jeshi la Waingereza lililokuwa Misri lilizunguka Afrika nzima au lilitoka India, likapita Aden, likapanda Bahari ya Shamu. Massawa ilikuwa imekaa ubavuni mwa njia hiyo kama mwiba. Destroya saba na nyambizi nane zingeweza kuikata. Hazikuikata. Na mara tu Massawa ilipoanguka, ndani ya siku chache Rais Roosevelt akatangaza kuwa Bahari ya Shamu si eneo la vita tena, meli za Marekani zikaanza kupita moja kwa moja mpaka Suez. Huo ndio uzito wa kushindwa kwa Nullo na wenzake. Si meli moja tu.

#40 Kijana wa Ngamiani

@Muzna asante, hilo la Roosevelt sikulijua, nimelitafuta na ni Aprili 1941 kweli. Limenifanya nione kwamba swali langu lilikuwa dogo. Nilikuwa natafuta kosa la usiku mmoja.

#41 Jicho la Tatu

Swali halikuwa dogo. Nyaraka za Galilei bado hazijajibiwa.

#42 Mkunguni

@Jicho la Tatu fungua uzi wake, nitakuja na kahawa.

#43 Bint Shangani

Mimi nimebaki na Ciaravolo. Jana nilimsimulia mama wakati tunachambua mchele. Akanyamaza, akauliza, "Mama yake aliambiwa na nani?" Sina jibu. Kama @Ferragosto Napoli ukipita Torre del Greco, tazama kama pana hata mtaa wenye jina lake.

#44 Ferragosto Napoli

Nitakwenda Jumapili hii. Ni nusu saa kwa treni.

#45 Fundi Mtambo

Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimeacha Bahari ya Shamu kwa sababu ya makombora kutoka Yemen, zinazunguka Rasi kama zile nyambizi nne. Yetu ilizunguka mara tatu. Sasa tumeambiwa safari ijayo huenda tukapita Suez tena. Zamu yangu injini ni ya saa sita hadi saa kumi usiku, kwa hiyo nitakuwa chini tutakapofika usawa wa Dahlak. Nimemwomba ofisa wa juu anipigie simu chumba cha injini tukiwa usawa wa Harmil. Ameuliza kuna nini pale. Nimemtumia uzi huu, anatoka Kilwa, anasoma.